Je, wajua droni hugawanaje kazi bila bosi?

Mrina asali wa Sikonge atakuambia kwamba malkia wa nyuki haamrishi yeyote. Kazi yake ni kutaga. Nani aende kwenye maua yapi, nyuki humalizana wenyewe, kwa ile ngoma ya kutikisa tumbo iliyompatia mtafiti wa nyuki Karl von Frisch sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Droni nazo, ambazo wengi tunaziita ndege nyuki, zinaweza kurushwa kundi zima bila msimamizi wa kuzipangia. Ila zenyewe hazichezi ngoma. Zinapiga mnada, tena mnada usio na dalali.

Chukulia ni Septemba, miombo imekauka, na moshi umeonekana sehemu kadhaa kusini mwa Tabora. Droni tatu zimetumwa kukagua. Kompyuta moja mjini ingeweza kuzipangia zote, lakini huko porini mtandao ni wa kubahatisha, na kompyuta hiyo ikikwama, zote zimekwama. Kwa hiyo kila droni hujipigia hesabu: niko wapi, betri imebaki kiasi gani, moshi ule nitaufikia lini. Jibu lake ni alama, na alama hiyo ndiyo dau.

Mashine kushindania kazi kwa zabuni si jambo jipya. Mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliandika juu yake mwaka 1980. Kwake, aliyetangaza kazi ndiye aliyechagua mshindi. Mwaka 2009 watafiti Han-Lim Choi, Luc Brunet na Jonathan How wakachapisha njia isiyomhitaji hata huyo. Kila droni hubeba daftari lake: kazi ipi, dau kubwa lililosikika ni lipi, ni la nani, na habari hiyo ni ya lini, ili ya jana isije ikafuta ya leo. Jirani wakisikiana kwa redio hulinganisha madaftari, na aliyezidiwa huachia. Habari hupita hivyo, jirani kwa jirani, mpaka madaftari yote yafanane.

Utamu uko kwenye kuachia. Tuseme droni ya kwanza imejipangia moshi wa mashariki kwa alama 8, kisha moshi wa jirani yake kwa alama 6, maana ikishafika mashariki, huo wa pili ni pua na mdomo. Mara droni nyingine inataja 9 kwa ule wa mashariki. Ya kwanza inaupoteza, sawa. Lakini ile 6 yake nayo imekuwa ya uongo: ilihesabiwa kama vile tayari iko mashariki. Kutoka iliko sasa, pengine inastahili 3 tu. Ndiyo maana kanuni huilazimu kuachia kazi iliyopotea pamoja na zote zilizopangwa baada yake, halafu ianze upya kudau. Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili kuliko mnada wenyewe.

Mgawanyo unaopatikana si lazima uwe bora kabisa. Waandishi wale walithibitisha kwamba, masharti fulani ya alama yakitimia, haushuki chini ya nusu ya ulio bora kabisa. Mara nyingi huukaribia.

Kinachouvuruga ni ukimya. Redio zisiposikiana, kila upande huamini daftari lake, na utaziona droni mbili zikizunguka juu ya moshi mmoja, kila moja ikijua kwamba ndiyo iliyoshinda.