Farasi wa naiti: dhana na ukweli

Dhana: Naiti alipanda farasi wa miraba minne.

Sinema zimetuzoesha hivyo: askari wa kikabaila wa Ulaya ya Zama za Kati, deraya ya chuma mwili mzima, juu ya farasi mkubwa kama trekta. Mifupa inasema vingine. Watafiti wa Uingereza waliopima mifupa ya farasi iliyofukuliwa nchini humo, ya tangu karne ya 4 hadi ya 17, waliona kwamba wengi hawakufika sentimita 148 begani. Leo farasi wa kimo hicho huitwa poni. Hata yule wa enzi ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, aliyepatikana kwenye ngome ya Trowbridge, mkubwa kwa wakati wake, alikuwa na takriban sentimita 152 tu. Kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa karne ya 11 kusimulia utekaji huo, nacho kinaonyesha miguu ya wapandaji ikining'inia chini kabisa ya tumbo la farasi. Mtarizi si rula, lakini hapa anakubaliana na mifupa.

Wengi hudhani mnyama wa naiti alikuwa Shire, aina ya farasi wakubwa sana wa Uingereza. Huyo ni mvuta mikokoteni na majembe, na chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1878, manaiti wakiwa wamekwisha zamani.

Dhana: Alikuwa na farasi mmoja, wa kila kazi.

Farasi wa wakati huo walitajwa zaidi kwa kazi kuliko kwa ukoo. Destria, kwa kawaida dume, alikuwa wa vita na mashindano ya mikuki, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Koseri alikuwa mwepesi na mwenye mbio, ndiyo maana wengi walimpendelea vitani. Raunsi alikuwa wa askari wa kawaida na wasaidizi. Safarini naiti alipanda palfri, aliyekwenda telki, mwendo laini usiomrusharusha mpandaji. Destria aliongozwa kando bila mpandaji ili asichoke. Ongeza farasi wa mizigo, utaelewa kwa nini unaiti haukuwa kazi ya maskini.

Dhana: Deraya ilikuwa nzito hivi kwamba alipandishwa farasi kwa winchi.

Hii ni ya kuchekesha tu. Deraya kamili ya vita ilikuwa na kilo 20 hadi 25 hivi, tena uzito wake uligawanyika mwilini. Boucicaut, jemadari wa Ufaransa, alisifiwa kwa kurukia farasi akiwa amevaa deraya bila kukanyaga kikuku cha tandiko. Deraya nzito zaidi zilikuwa za mashindano, ambako mtu hakuhitaji kupigana siku nzima.

Dhana: Bila farasi, hakupigana.

Tazama mapigano matatu ya Waingereza na Wafaransa, yote nchini Ufaransa. Crécy mwaka 1346, manaiti wa Uingereza walishuka wakapigana kwa miguu kando ya wapiga mishale. Poitiers, miaka 10 baadaye, hata Wafaransa wengi walishuka. Agincourt mwaka 1415, sehemu kubwa ya pande zote mbili ilikwenda kwa miguu, na wapanda farasi wachache wa Ufaransa walioshambulia wakakutana na matope, vigingi na mishale.