Ngumi ya Jumanne jioni haina refa

Watu wakisikia usalama kwa ndondi wanawaza siku ya mashindano, holi imejaa, kengele inalia, refa yuko ndani na daktari amekaa pale chini ya kamba. Sasa mimi ndio huyo wa kukaa chini ya kamba, nilianzia Nakuru na siku hizi niko Kisumu, na siku ya mashindano siogopi sana. Naogopa mazoezi ya Jumanne jioni, holi ya mtaa, taa moja, vijana kumi na tano na kocha mmoja.

Kwa sababu mashindano ya ridhaa yana breki. Raundi ni 3 za dakika 3, ukiangushwa refa anakuhesabia mpaka 8 hata kama umeruka juu kama mpira, daktari akisema basi ni basi, na ukipigwa nokauti ya kichwa hupigani wala husparing (kupigana kwa mazoezi) kwa siku 30 angalau, ikijirudia ndani ya miezi 3 unakaa nje siku 90. Jumanne nani anahesabu? Kocha anashika padi kona ile nyingine, nyuma yake vijana wawili wanauana polepole na hajui.

Kuna jimu moja nilipita tu kusalimia. Kijana wa kama kilo 60 alikuwa anasparing na jamaa wa kilo 75 kwa sababu mwenzake wa kilo yake hakuja siku hiyo, akala huku (hook, ngumi ya kuzungusha mkono) ya kushoto, hakuanguka, akayumba hatua mbili akasema "niko sawa kocha" na watu wakacheka. Akaenda kukaa kwa benchi, akatoa glavu, akachukua bandeji akaanza kufunga mkono wa kulia. Shida ni kwamba huo mkono ulikuwa umefungwa tayari. Alikuwa anafunga bandeji juu ya bandeji na anashangaa mbona inamshinda. Nikamuuliza leo umekuja na nani, akaniangalia tu.

Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo. Ngumi ya kuzungusha kichwa ndio mbaya zaidi maana fuvu linageuka na ubongo unabaki nyuma, na vimishipa vya damu vilivyo katikati vinaweza kuchanika, damu ikavuja pole pole huku mtu anaongea, anatembea, pengine amekunywa hata chai. Kumbuka Robert Wangila, yule wa dhahabu ya Seoul 1988, na hiyo ndiyo dhahabu pekee ya ndondi Kenya imewahi kupata Olimpiki. Julai 1994 kule Las Vegas, akiwa ashaingia ndondi za kulipwa, refa alisimamisha pambano na Wangila mwenyewe akalalamika kwamba bado anaweza, akatoka ringini kwa miguu yake, akaangukia chumba cha kubadilishia nguo na hakuamka tena. Kwa hivyo bondia akiniambia ako sawa, mimi hilo sio jibu.

Muulize vitu vidogo: leo ni siku gani, tuko wapi, umesparing na nani, ilikuwa raundi ya ngapi. Akikosa moja, ametoka, na hata akipata zote lakini kichwa kinauma ama anaona mwanga unamchoma, bado ametoka, na siku hiyo harudi hata aape kwa mamake. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kufura ghafla na kuua, hasa kwa hawa wadogo. Usimwache aende peke yake, usimpakie kwa boda, pombe hapana, na zile dawa za maumivu zenye aspirini pia hapana maana zinazidisha kuvuja damu. Akitapika tena na tena, akishikwa na usingizi wa kuamshwa kwa shida, mboni moja ikiwa kubwa kuliko ingine, upande mmoja ukilegea ama akapata kifafa, hapo ni hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi. Namba ya simu ya mwenye probox, gari la kumkimbiza hospitali, iwe imeandikwa ukutani kabla hamjaanza.

Halafu kuna hii imani ya hedigia, ile kofia ya kukinga kichwa. Tangu 2013 wanaume wakubwa hawaivai kwa mashindano ya ridhaa ya kimataifa, na kwa mazoezi mimi nasema vaeni kwa sababu inapunguza kupasuka nyusi, lakini kuutikisa ubongo haizuii, na nimeona vijana wakishaivaa wanapigana kama wamenunua kichwa kipya. Glavu za sparing ziwe aunsi 14 ama 16. Mwenzako akiwa ameivaa, bonyeza mbele kwa vidole, ukisikia mfupa wa mwenzako basi sponji imekwisha, hiyo ni glavu ya kupiga begi tu. Na simiti jamani, weka mkeka, kichwa kikigonga simiti kinaumia kuliko ngumi yenyewe. Kinga ya meno ya kuazimana sitaki hata kuongelea.

Kukata kilo nako Kisumu ni balaa, mtu anavaa koti la nailoni saa saba mchana anakimbia njia ya Dunga ndio apimwe kesho. Kilo 2 za siku moja ni maji, sio mafuta, na bondia aliyekauka anachoka mapema, mikono inashuka, anakula ngumi ambazo angezikwepa. Ongea na kocha wiki sita kabla, ama panda uzito wa juu.

Wazee wa Nakuru wataniambia ndondi ni kuvumilia. Lakini bondia wao Philip Waruinge, Olimpiki ya Mexico 1968 alirudi na shaba tu na bado akapewa tuzo ya Val Barker, ya bondia mwenye ufundi kuliko wote, na sijaona mahali ufundi ni kula ngumi nyingi.

Yule kocha alinikasirikia wiki mbili nzima. Siku hizi ana daftari limefungwa na kamba kwa mlango, na ukurasa wa kwanza ameandika na mkono wake jina la yule kijana, tarehe, "huku ya kushoto, hajui alikuja na nani", na chini yake tarehe ya kurudi, siku 34 baadaye.