Rejesho moja halikutoi nyumbani

"Marekani ukikosa rejesho la mkopo wa nyumba la mwezi mmoja tu, benki inakubadilishia kufuli." Wengi wanaamini hivyo. Kwa kawaida, tangu 2014, kanuni ya shirikisho inataka ucheleweshaji upite siku 120 kabla mkopeshaji hajaanza hatua za kuinadi nyumba unayoishi.

Baada ya hapo kila jimbo lina sheria yake, na ushauri wa binamu wa New York, ambako benki hupitia mahakamani, haukufai Houston, mji wa Texas. Texas mara nyingi hakuna hakimu: notisi ya siku 20 ulipe, kisha tangazo la siku 21, halafu mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi. Hata hilo lilibadilika 2017: Jumanne hiyo ikiangukia Januari 1 au Julai 4, mnada husogezwa hadi Jumatano.