Hatua tatu za leyapu si lazima ziwe kosa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya mpira wa kikapu, mara nyingi na klipu ya mchezaji akienda kufunga kwa leyapu, yaani kukimbilia karibu na kikapu na kuutumbukiza mpira: "Hatua tatu hizo, refa kanunuliwa!" Tafadhali usiusambaze.

Hesabu haianzi mpira unapoguswa. Kwa kanuni za kimataifa tangu 2017, mchezaji aliye kwenye mwendo huruhusiwa hatua mbili baada ya kuumiliki mpira. Mguu uliokuwa chini wakati huo hauhesabiwi. Makocha wengi huuita hatua sifuri. Kwa jicho la haraka zinaonekana tatu, na sisi tuliofundishwa shuleni "moja, mbili, basi" tunachanganyikiwa kwa haki kabisa.

Jikagulie mwenyewe. Punguza kasi ya klipu, isimamishe pale mpira unapoacha kudundwa na kutulia mkononi. Tazama kiatu kilichogusa sakafu: hicho ni sifuri. Kinachofuata ni moja, kisha mbili. Akikanyaga tena kabla ya kuuachia, hapo kweli ametembea na mpira, na hilo ni kosa.

Aliyesimama na mpira hana sifuri: akianza kudunda, lazima mpira utoke mkononi kabla hajainua mguu wake wa kugeukia, yaani ule unaobaki chini anapogeuka.