Namba ya miwani yako ya kusomea ni umbali

Wiki iliyopita alinijia hapa Moshi mama mmoja fundi cherehani, mwenye miaka 52. Shingo inamuuma, na kila ikifika jioni kichwa kinamgonga. Mkobani alikuwa na miwani ya kusomea aliyoinunua barabarani, plasi 3. Nikamuuliza kwa nini alichagua 3. "Daktari, nilijaribu ya 2 nikaona. Nikajaribu ya 3, herufi zikawa kubwa zaidi. Si ndiyo yenye nguvu?"

Maneno hayo nayasikia karibu kila siku, ndiyo maana naandika leo. Namba iliyoandikwa kwenye mkono wa miwani haipimi ugonjwa wala ubora wa kioo. Inapima umbali. Gawanya mita 1 kwa namba hiyo: plasi 1 ni sentimita 100, plasi 2 ni sentimita 50, plasi 3 ni kama 33. Mwanga unaotoka mbali ukipita kwenye lenzi hiyo unakutana umbali huo. Mahali unapokutana ndipo panapoitwa fokasi.

Jaribu mwenyewe. Amka mapema, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kilimanjaro. Ingia chumba chenye dirisha linalotazama kaskazini, zima taa, vuta mapazia ubakize upenyo wa kuuona mlima tu. Shika miwani ya plasi 2 kwenye upenyo, na karatasi nyeupe nyuma yake. Isogeze karatasi taratibu. Mwanzoni utaona ukungu wa rangi tu. Ikikaribia sentimita 50 ule ukungu unajikusanya, na Kibo, kilele cha mlima huo, kinatokea juu ya karatasi, kichwa chini, theluji yake ikining'inia na migomba ya jirani ikiota kutoka juu. Nimefanya hivyo mara nyingi mno na bado sijachoka kukitazama.

Sasa ziba nusu ya lenzi kwa kidole. Wengi hutegemea nusu ya mlima ipotee. Haipotei. Mlima unabaki mzima, ila umefifia. Kila sehemu ya theluji ile inatuma mwanga kwenye uso wote wa lenzi, na kila kipande cha lenzi kinaupeleka mwanga huo pale pale. Ukiziba nusu umepunguza mwanga, picha hukuikata.

Kioo kinafanyaje hivyo? Hewani mwanga unakwenda takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya kioo cha kawaida takribani 200,000. Fikiria mkokoteni unaotoka kwenye lami na kuingia matopeni kwa mshazari: gurudumu linalotangulia kuzama linapunguza mwendo, lile la pili bado linakimbia, na mkokoteni mzima unageuka. Lenzi mbinuko ni nene katikati na nyembamba pembeni. Mwanga unaopiga katikati unaingia kwa wima, unapita moja kwa moja. Unaopiga pembeni unakuta uso ulioinama, unapinda kuelekea katikati, na ukitoka upande wa pili unapinda tena kuelekea huko huko. Kadiri lenzi ilivyobinuka, ndivyo mwanga unavyokutana karibu zaidi.

Jicho lako limeumbwa kwa kanuni hiyo hiyo. Nguvu yake yote ni takribani dayopta 60, na dayopta ndiyo kipimo cha ile namba ya plasi. Karibu theluthi mbili zinatoka kwenye konea, ule utando angavu wa mbele, na zilizobaki zinatoka kwenye lenzi ya ndani, ambayo kwa kijana hubinuka zaidi anapotazama kitu cha karibu. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hiyo inakuwa imekakamaa, haibinuki vya kutosha. Miwani ya kusomea inaongeza kile kilichopungua, basi. Haiharibu jicho.

Nikarudi kwa yule mama. Nilimwomba akae kama anavyokaa kwenye cherehani, tukachukua futikamba yake mwenyewe tukapima kutoka jichoni hadi sindano inapokuwa. Sentimita 45. Mbali anaona vizuri, na plasi 3 inamletea kilichoko sentimita 33 kana kwamba kiko mbali, kwa hiyo akiivaa kila kilichopita hapo kinaingia ukungu. Shingo ndiyo iliyokuwa inalipa, ikiinama kutwa nzima kufidia sentimita 12. Na zile herufi "kubwa" zilikuwa kubwa hasa kwa sababu alizisogeza karibu. Plasi 2 ilimtosha. Alitunga uzi akiwa ameketi wima.

Kanuni hiyo utaikuta kila mahali. Wanunuzi wa tanzanaiti wanatumia lupu, lenzi ndogo ya kukuzia, inayokuza mara 10. Fokasi yake ni sentimita 2.5, ndiyo maana jiwe wanalileta karibu kabisa na jicho. Kamera ya simu yako ina lenzi ndogo kadhaa zilizopangwa pamoja, na picha inaangukia ndani kichwa chini kama Kibo kwenye karatasi. Waliotolewa mtoto wa jicho zamani walivaa miwani minene ya plasi 10 hivi, maana jicho lilibaki bila lenzi yake. Kupandikiza lenzi ndani kulianza London mwaka 1949 kwa mikono ya Harold Ridley.

Tahadhari moja: kamwe usilitazame jua kupitia lenzi. Pale mwanga unapokutana na joto linakutana pia, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina maumivu ya kukuonya.

Ukinunua miwani barabarani, ielekeze kwenye kitu cha mbali nje ya dirisha na utafute picha yake kwenye karatasi, kwa lenzi moja kisha kwa ya pili. Picha zote mbili zitokee kwa umbali ule ule, zikiwa kali. Zikitofautiana, mrudishie muuzaji.