Kufuta faili si kuachia nafasi ya diski

"Nimefuta logi ya giga 40, lakini df bado inasema diski imejaa asilimia 100. Hii seva ina virusi." (Logi ni faili ambamo programu huandika kumbukumbu za kazi zake; df ni amri inayoonyesha nafasi ya diski.) Malalamiko ya namna hii utayasikia kwa mafundi wengi hapa Dar, Posta mpaka Mikocheni, na anayelalamika huwa na hakika rm, amri ya kufuta faili, haikufanya kazi. Imefanya, tena vizuri.

Kuachia nafasi ni kuvirudisha vipande vya diski vilivyoshikwa na data ili viandikwe kitu kingine. Basi.

Kufuta ni jambo jingine. Kwenye Linux, jina la faili halimo ndani ya faili. Liko kwenye saraka (folda), likielekeza kwenye inode, yaani kumbukumbu ya mfumo kuhusu faili hiyo, na inode ndiyo inayojua ukubwa, mmiliki na vipande vilipo. Amri ya rm huondoa jina tu. Vipande huachiwa pale idadi ya majina (ile namba ya safu ya pili ukipiga ls -l) inapofika 0, na hakuna programu yoyote inayoishikilia faili hiyo ikiwa wazi. Ukibandua namba ya nyumba ukutani, mpangaji hajahama.

Logi ndizo zinazowaponza wengi. Nginx, programu inayohudumia tovuti, hufungua logi yake inapowashwa na haiiachii. Ukiifuta, yenyewe inaendelea kuandika humo humo, na faili isiyo na jina inazidi kunenepa. Hapo ndipo df na du, amri ya kupima ukubwa wa faili, zinapopishana: du hupita saraka kwa saraka ikijumlisha vyenye majina, df huuliza mfumo wa faili wenyewe. Hakuna inayodanganya. Piga sudo lsof +L1 uone faili zilizofutwa ambazo bado ziko wazi, pamoja na PID (namba ya utambulisho) ya programu inayozishikilia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hakuna haja ya kuzima seva nzima mchana wateja wakiwa kazini. Kwa nginx, sudo nginx -s reopen inatosha. Kwa programu nyingine, washa upya huduma hiyo peke yake. Na kama logi bado hujaifuta, usiifute, bali imwage iwe tupu kwa truncate -s 0 ikifuatiwa na jina lake: jina linabaki, inode inabaki, vipande vinarudi. Kisha piga df -h kwanza, ndipo umwambie bosi kwamba nafasi imepatikana.