Baiskeli baada ya miaka 60: maswali na majibu

Tabora, Shinyanga, Dodoma, Tanga: kote huko utawakuta wazee wanaokwenda sokoni, msikitini, kanisani na kliniki kwa baiskeli. Na karibu kila mmoja ana mtoto au mjukuu anayemwambia, "Sasa pumzika, baba, umri umekwenda." Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mtu kuwa mzee akitimiza miaka 60, lakini hakuna sera inayosema siku hiyo akabidhi baiskeli. Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara na wazee wenyewe na watoto wao.

Baba ana miaka 72 na bado anaendesha kwenda shambani. Tumkataze?

Msikimbilie kumkataza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo waliovuka miaka 65, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mzee anayeendesha robo saa kwenda na robo saa kurudi, siku 5 kwa wiki, ameshazitimiza 150 bila kumlipa mtu. Moyo unanufaika, sukari na presha vinatulia, usingizi unakuja, na anaonana na watu. Ukimnyang'anya baiskeli, taratibu anaacha kutoka. Miguu inalegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayomwangusha bafuni.

Kaeni naye mzungumze kwa heshima. Je, anaona vizuri? Gari likija nyuma, analisikia? Amewahi kupata kizunguzungu au kuanguka miezi ya karibuni? Kisha mwombeni apande na kushuka mbele yenu, mtazame. Mengi mtayajua hapo.

Kwa nini mnasisitiza kupanda na kushuka? Si hatari ipo barabarani?

Ipo, na tutaifikia. Lakini Uholanzi, nchi ambayo wazee wake wanaendesha sana, watafiti wamebaini kwamba wazee wengi huanguka peke yao, hawajagongwa na chochote, na mara nyingi ni wakati wa kupanda au kushuka.

Fikirieni jinsi baiskeli zetu kubwa zenye bomba la juu zinavyopandwa. Mtu anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, anaisukuma itembee, kisha anaurusha mguu wa kulia nyuma kupita juu ya kerieri. Kwa kijana ni sekunde moja. Kwa mzee wa miaka 70 nyonga imekaza, uzito wote uko juu ya mguu mmoja, na chombo kinatembea. Kisigino kikigusa kerieri, au mzigo uliofungwa juu yake, anakwenda chini kwa ubavu na kuangukia nyonga. Kuvunjika nyonga kunaweza kumweka mzee kitandani kwa miezi.

Dawa yake ya kwanza ni fremu iliyoshuka katikati, ile ambayo wengi huiita baiskeli ya kike. Wanaume wengi wanaionea haya, na nawasihi waache. Simama upande wa kushoto wa baiskeli, kamata breki zote mbili, iinamishe kidogo kuja kwako, pitisha mguu wa kulia katikati, kisha simama wima ukiwa umeipanua miguu, nyayo zote mbili chini. Inua pedali moja mbele mpaka iwe juu kidogo, ikanyage, na hapo ndipo ukae. Kushuka ni kinyume chake: simamisha baiskeli kabisa, weka mguu chini, ndipo utoe mwingine. Usiruke ikiwa inatembea, hata kama umefanya hivyo tangu ujana.

Tandiko nalo lishushwe mpaka ukiwa umekaa, vidole vya miguu yote miwili viguse ardhi. Usilishushe mno ukawa unaendesha umechuchumaa, magoti yatalalamika.

Ukitaka kupima usawa wa mwili, simama karibu na ukuta au meza nzito, inua mguu mmoja, hesabu sekunde 10. Kama unayumba kabla hujafika, fanya mazoezi hayo kila siku huku umeshika meza, na kwa sasa baiskeli ibaki kwenye uwanja wa wazi tu.

Nina presha na natumia dawa. Naruhusiwa?

Wengi wanaruhusiwa, na kuendesha mara kwa mara husaidia kuishusha. Ila pima kwanza. Hospitali na vituo vingi vya afya vina dirisha la wazee, litumie. Kama kipimo kinasoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze mpaka daktari airekebishe.

Dawa zina tabia zake. Baadhi hukushushia presha ghafla unapoinuka, kwa hiyo usitoke kitandani ukaenda moja kwa moja kwenye baiskeli. Dawa za kukojoza hupunguza maji mwilini, na mzee hahisi kiu mapema kama kijana, kwa hiyo kunywa maji kabla hujaondoka na ubebe mengine. Anayetumia atenolol au propranolol asijipime kwa mapigo ya moyo, kwani dawa hizo huyazuia yasipande. Kipimo rahisi kwa wote ni mazungumzo: ukiwa unaendesha uweze kusema sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa hata kusema, punguza mwendo.

Shuka na utafute msaada mara moja ukihisi kifua kinabana, maumivu yanapanda shingoni, tayani au mkononi, pumzi inakatika kuliko kawaida, au macho yanaingia giza. Usijiambie utafika nyumbani kwanza.

Na mwenye kisukari?

Baiskeli inamfaa sana. Tahadhari kubwa ni kwa anayejidunga insulini au anayemeza vidonge kama glibenclamide, kwa sababu sukari inaweza kushuka akiwa njiani au hata saa kadhaa baadaye. Ale kabla ya kutoka, na mfukoni awe na glukosi au sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, ashuke, aile, apumzike. Avae viatu vya kufunika, si ndala, na jioni akague nyayo zake. Mwenye ganzi miguuni anaweza kujichuna na pedali asijue.

Magoti yananisaga. Si nitayamaliza?

Kwa magoti yaliyochakaa kwa umri, baiskeli mara nyingi ni nafuu kuliko kutembea mwendo mrefu, kwa kuwa tandiko linabeba uzito wako. Anza na dakika 10 kwenye tambarare. Ukifika mlimani, shuka usukume. Maumivu kidogo yanayoisha siku hiyo hiyo hayana neno. Goti likivimba au likiwa la moto, pumzika na uonwe.

Kwa upande mwingine, kwa kuwa tandiko linabeba uzito, mifupa yako haipati kazi ya kutosha. Ongeza kutembea, kulima bustani, au kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10 asubuhi na mara 10 jioni.

Mimi ni mama wa miaka 58, sijawahi kuendesha. Nimechelewa?

Hujachelewa, mama. Mwambie fundi afungue pedali zote mbili na ashushe tandiko hadi nyayo zako zilale chini. Nenda uwanja wa shule siku ya mapumziko, kaa, jisukume kwa miguu. Siku utakapoweza kuinua miguu ukateleza hatua kadhaa bila kuyumba, pedali zirudishwe. Khanga, dera au baibui ni hatari ikining'inia karibu na cheni au spoku. Weka kikinga cheni, funga pindo juu, au vaa suruali ndani.

Ni kweli baiskeli inaharibu tezi dume?

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inasababisha saratani ya tezi dume. Kinachotokea ni tandiko jembamba au lililoinuka mbele kukandamiza mishipa, ukapata ganzi sehemu za siri. Ganzi hiyo usiivumilie. Weka tandiko pana, lilale sawa, na inuka kidogo juu ya pedali kila baada ya dakika chache. Kama umefanyiwa upasuaji wa tezi au ngiri, subiri mpaka daktari akuruhusu. Na kama mkojo unakatika au unatoka na damu, usilaumu baiskeli, nenda hospitali.

Barabarani nijilinde vipi?

Chagua njia kabla ya kuchagua mwendo. Njia ya mtaani yenye vumbi, hata ikiwa ndefu zaidi, ni bora kuliko barabara kuu ya malori. Toka kuanzia saa 12 na nusu asubuhi kukiwa kumepambazuka, urudi kabla jua halijawa kali.

Endesha upande wa kushoto, mwelekeo mmoja na magari. Wapo wanaopenda kwenda kinyume ili "wayaone" yanavyokuja. Dereva anayeingia kutoka barabara ya pembeni hatazami upande huo. Shingo ya mzee haigeuki vizuri, kwa hiyo funga kioo upande wa kulia wa usukani. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwangu kinastahili kununuliwa kabla ya kengele. Karibu na vituo vya daladala, usipite kushoto mwa gari lililosimama: mlango utafunguka au abiria ataruka. Bodaboda wao hupita pande zote, kwa hiyo nyoosha mstari wako, usiyumbeyumbe. Kukata kulia kwenye barabara yenye magari mengi, shuka, vuka kwa miguu kwenye alama za pundamilia.

Kuna jambo moja linalowaangusha wengi kwenye barabara zetu za mikoani. Lori linapiga honi, mzee anatoka kwenye lami na kuingia kwenye udongo, ambao mvua imeuchimba ukawa chini ya lami kwa kimo cha kiganja. Lori likishapita anageuza usukani kidogo arudi. Tairi la mbele linasugua ule ukingo, linakataa kupanda, na yeye anaangukia ndani ya barabara, mbele ya gari la pili. Ukisukumwa nje ya lami, endelea na udongo polepole, simama, shuka, tazama nyuma, kisha inyanyue baiskeli kwa mikono uipandishe.

Helmeti ivae kila safari, imekaa sawa juu ya paji la uso na mkanda umefungwa. Hupunguza sana majeraha ya kichwa. Usiku, ushauri wangu ni kutotoka kabisa, maana jicho la mzee huingiza mwanga mdogo na taa za gari humpofusha kwa sekunde nyingi. Ikibidi, uwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kizibao kinachong'aa kama cha bodaboda. Mwenye mtoto wa jicho au presha ya macho apimwe kwanza, kwa sababu presha ya macho hula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu.

Mjukuu akipakiwa nyuma, miguu yake iwe na pa kukanyaga na spoku zifunikwe. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Ligawe katika madumu mawili madogo, kila upande moja.

Baiskeli yenyewe niitunze vipi?

Kila asubuhi, kabla ya kupanda, minya matairi kwa kidole gumba. Kisha sukuma baiskeli mbele, kamata breki ya mbele peke yake: gurudumu la nyuma lijaribu kuinuka. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma: gurudumu liburuzike. Kama unalazimika kuminya kwa nguvu zote, raba zimekwisha au waya unahitaji grisi, na mikono yenye yabisi haitaweza siku ya dharura. Breki za vyuma hushika vibaya rimu ikilowa, kwa hiyo mvua ikinyesha anza kuzikamata mapema.

Cheni ifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja moja la oili safi, na ziada ifutwe. Usitumie oili chafu ya gari. Inabeba mchanga unaotafuna meno ya gia. Wa Pwani, chumvi ya bahari inakula chuma, suuza kwa maji yasiyo na chumvi na ukaushe. Wa Dodoma na Singida mnaijua mbigili: beba kiraka, solusheni na pampu, au namba ya fundi kama vidole havina nguvu tena. Mara moja kwa miezi michache fundi akaze nati za magurudumu, usukani na tandiko, na aangalie gololi.

Nikianguka?

Usiinuke haraka. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, au nyonga haibebi uzito, usikubali kuvutwa wala kuchuliwa. Ubebwe umelala hadi hospitali. Uliyegonga kichwa na unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, clopidogrel au aspirini, nenda ukachunguzwe hata kama unajisikia vizuri. Damu ya mzee inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na dalili zikaja siku au wiki kadhaa baadaye: kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, kusahausahau, mguu kukokota. Watu wa nyumbani wazijue dalili hizo. Kidonda kilichoingia udongo kioshwe kwa maji mengi na uulizie sindano ya pepopunda.

Ukigongwa na gari, ndugu mmoja afuatilie PF3, fomu ya polisi kwa majeruhi, wakati wewe unatibiwa. Mwenye hali ya dharura asisubiri fomu. Na kabla hujaipanda tena, baiskeli ipitie kwa fundi akague uma wa mbele. Ukipinda kidogo hauonekani kwa macho ya haraka, lakini ndiyo unaokatika siku ya mteremko.